Kuandaa Muhtasari wa Masomo ya Sheria kwa Ajili ya Mtihani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria wananiuliza kila muhula kwenye semina, na wananiuliza kwa sauti ya hofu zaidi wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Wa Zanzibar na wa Kenya wana maswali yao mwishoni. Namba za vifungu vya sheria zinafuata matoleo yaliyotumika kabla ya Toleo la Marekebisho la 2023, yaani sheria za nchi zilizochapishwa upya zikiwa na marekebisho yake. Sababu ya kulitaja hilo mapema iko kwenye swali la 10.

## Mambo ya msingi

1. Muhtasari unaozungumziwa hapa ni upi?

Si ule muhtasari wa somo ambao mwalimu wa sekondari anaufuata kufundisha, wala si kosi autilaini anayoigawa mhadhiri wiki ya kwanza. Huu unauandika mwenyewe. Ni waraka mmoja kwa kila somo, unaopanga sheria yote uliyofundishwa kwa mtiririko uleule utakaoutumia kujibu swali.

Wanaousikia kwa mara ya kwanza hudhani ni notsi zilizofupishwa. Notsi zinaonyesha mhadhiri alisema nini Jumanne na alisema nini Alhamisi. Muhtasari unaonyesha ufanye nini ukiletewa habari za Juma aliyepokea hela ya pikipiki halafu akakataa kuikabidhi: uanze kuuliza nini, kifungu kipi kinafuata, kesi ipi inasimama upande wa Juma na ipi inasimama upande wa mnunuzi.

2. Kwa nini nisipige msuli kwa notsi na madesa (notsi za kurithi) tu? Wengi wamefaulu hivyo.

Wapo waliofaulu hivyo, na kwa maswali ya "eleza" au "jadili" notsi zinaweza kukufikisha. Shida inakuja kwenye maswali ya kisa. Kisa kimoja cha nusu ukurasa kinaweza kugusa mada ya wiki ya pili, ya wiki ya tano na ya wiki ya kumi na moja kwa pamoja, wala hakikutajii jina la mada hata moja. Aliyekariri kwa wiki anayaona maneno asiyoyatambua, ingawa sheria yote anayo kichwani.

Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, wanakosomea uwakili wahitimu wa shahada, yalizungumzwa nchi nzima: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Sababu zilizojadiliwa zilikuwa nyingi na zinagusa taasisi, vyuo na wanafunzi, na mimi sidai kwamba muhtasari ungeliponya lile. Ninachokiona kwenye semina kila mwaka ni kidogo zaidi ya hapo: mwanafunzi aliyezoea kupokea sheria ikiwa imekatwakatwa tayari anapata taabu sana siku anapotakiwa kuikata mwenyewe.

3. Nianze lini?

Mada ya kwanza ikiisha. Kwa kawaida hiyo ni wiki ya tatu au ya nne ya muhula. Kabla ya hapo hujajua mada inaishia wapi, na utaandika kila kitu.

Baada ya hapo weka siku moja ya wiki, saa mbili au tatu, kwa kila somo. Mada iliyofundishwa miezi mitatu iliyopita ukiifungua leo ni kama ya mtu mwingine. Iliyofundishwa wiki iliyopita bado unakumbuka ulichouliza na ulichojibiwa. Ukiwa umeshachelewa, nenda swali la 14.

4. Uwe na kurasa ngapi?

Kurasa 15 hadi 30 kwa somo la muhula mmoja. Ukifika 60 umenakili notsi.

5. Kwa mkono au kwa kompyuta?

Kwa kompyuta ni rahisi kuhamisha mada na kurekebisha. Kwa mkono unakumbuka zaidi, na mtihani wenyewe utauandika kwa mkono. Ninachopendekeza ni kuujenga kwa kompyuta, halafu ile karatasi moja ya mwisho (swali la 13) kuiandika kwa mkono. Asiye na kompyuta asijione amepungukiwa. Daftari la kaunta buku la kwaya tatu, ukiacha ukurasa wa kushoto wazi kwa ajili ya nyongeza, linafanya kazi ileile.

6. Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Swali hili linaulizwa kwa aibu, na halistahili aibu hata kidogo. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Lakini mihadhara na mitihani ya shahada bado ni ya Kiingereza, na hukumu nyingi utakazozisoma TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ziko kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno ya kifungu yaache katika lugha utakayoyaandika kwenye mtihani, neno kwa neno. Ufafanuzi wako, yaani kwa nini kifungu kinasema hivyo na kinamgusa nani, uandike kwa lugha unayoifikiria. Kama ni Kiswahili, Kiswahili.

Tahadhari moja. Kiswahili cha mtaani kinaweza kuunganisha vitu ambavyo sheria imevitenga. Chukua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 15 kinahusu shuruti na cha 16 kinahusu ushawishi usio wa haki. Mtaani vyote viwili ni "amelazimishwa". Binti aliyetishiwa kushtakiwa kwa kosa la uongo asiposaini, na mzee mgonjwa aliyesaini kwa sababu anayemuuguza ndiye aliyemletea karatasi, wote tutasema wamelazimishwa. Kwenye mtihani hao ni watu wa vifungu viwili tofauti, na maswali ya kuthibitisha ni tofauti. Kila unapotafsiri kwenye muhtasari wako, jiulize kama neno lako moja limemeza maneno mawili ya sheria.

## Kuujenga

7. Nina notsi, slaidi, sheria yenyewe na kesi arobaini. Naanzia wapi?

Anza na mifupa. Chukua kosi autilaini, andika vichwa vya mada tu, kisha weka pembeni slaidi na ufungue sheria yenyewe. Kwenye masomo mengi sheria imeshakupangia kazi nusu.

Mkataba ndio mfano mzuri kuliko yote. Kifungu cha 10 kinasema, kwa ufupi, kwamba makubaliano yanakuwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kukiwa na malipo halali na kwa lengo halali. Sentensi hiyo moja ndiyo ramani ya zaidi ya nusu ya muhula. Kwenye muhtasari inakuwa hivi:

Je, kuna makubaliano? Pendekezo na ukubali: kif. 2, mawasiliano yake: kif. 4, kuyafuta: kif. 5.
Je, ridhaa ni huru? Kif. 13 na 14, halafu sumu zake moja moja: shuruti 15, ushawishi usio wa haki 16, ulaghai 17, maelezo yasiyo ya kweli 18, makosa ya kutoelewa 20 hadi 22.
Je, wana uwezo? Kif. 11: umri, akili timamu. Asiye na uwezo, makubaliano yake ni batili.
Je, kuna malipo? Kif. 2 na 25.
Je, lengo ni halali? Kif. 23.
Mkataba ukivunjwa: fidia, kif. 73, kiasi kilichotajwa ndani ya mkataba, kif. 74.

Ona kwamba kila mstari ni swali. Nawasisitizia sana wanafunzi hili: andikeni vichwa vya muhtasari kama maswali. "Uwezo wa kuingia mkataba" ni kichwa kilicholala. "Je, wana uwezo?" kinakutuma urudi kwenye kisa ukaangalie umri wa Juma.

Jinai nayo ina mifupa yake. Kif. 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinakupa viungo vya mauaji ya kukusudia. 200 kinafafanua nia ovu. 201 na 202 ndiko mshtakiwa anakokimbilia akisema alichokozwa, na akifanikiwa anashuka hadi kosa la 195. Andika kwa mpangilio huo: kosa, viungo, utetezi, kosa dogo linalobaki.

8. Kesi niiandikeje? Kila kesi inanimalizia ukurasa mzima.

Mistari minne au mitano inatosha: swali lililoamuliwa, jibu, matokeo kwa wahusika, na kisa cha aina gani kitakuita uitumie. Hivi ndivyo ninavyoiandika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya familia anaijua:

Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983.
Swali: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali, kwa maana ya kif. 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971?
Jibu: ndiyo. Neno "kazi" ndani ya 114(2)(b) linabeba na kazi za nyumbani.
Matokeo: Bi Hawa hakupata mgawo. Mahakama ilikuta kwamba fedha alizopewa na mumewe alizitapanya.
Nitaitumia: mke hana mshahara, mali iko kwa jina la mume.

Mstari wa matokeo wanafunzi huuruka, na ndio unaowaangusha. Mwaka mmoja nilisahihisha jibu la kurasa mbili lililoandikwa vizuri sana, lugha safi, vifungu vyote mahali pake, likahitimisha kwamba Bi Hawa alipewa nusu ya nyumba. Alishinda hoja, akashindwa rufaa. Mtu aliyesoma hukumu yenyewe hawezi kulisahau hilo, kwa sababu linauma: mwanamke ambaye jina lake limewafungulia mlango wanawake wengi waliomfuata, yeye mwenyewe alirudi mikono mitupu. Na kwenye mtihani ndilo linalompa mume hoja yake ya kujibu, maana swali zuri la kisa litakuwa na mke aliyefanya kazi za nyumbani na pia tuhuma kwamba alitapanya kitu.

Hukumu haina bei. Zipo TanzLII bure. Ukishindwa kuisoma yote, soma ukurasa wa kwanza, sehemu ambapo mahakama inataja maswali ya kuamua, na kurasa mbili za mwisho.

9. Kwa nini nijaze kesi za Waingereza za miaka mia moja iliyopita?

Kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, kifungu cha 2(3), imeziingiza kanuni za sheria ya Kiingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Ndiyo maana Carlill ya 1893, kesi ya Kiingereza ya mkataba, bado inasomwa Mlimani na Mzumbe.

Hata hivyo, kwenye muhtasari panga kwa uzito. Kwanza Katiba na sheria iliyotungwa na Bunge, kisha Mahakama ya Rufani, kisha Mahakama Kuu, kisha za nje. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza 1979, kwa hiyo kabla ya hapo utakutana na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mimi huweka nyota pembeni ya kila kesi ya Mahakama ya Rufani. Mwanafunzi akianza jibu la mkataba kwa Carlill huku kifungu cha 2 kipo, msahihishaji anajua huyu alisoma kitabu cha Uingereza na hakufungua sheria.

## Ya kurithi, ya kikundi na ya mashine

10. Kaka wa mwaka wa nne amenipa muhtasari wake aliopatia A. Nautumiaje?

Mshukuru, usome mpangilio wake, kisha uuweke pembeni ujenge wako. Ulimsaidia kupata A kwa sababu aliujenga. Saa zile za kujiuliza kifungu hiki kikae wapi ndizo zilizomfundisha, na hazikuhifadhiwa kwenye faili alilokutumia WhatsApp.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kisheria kabisa. Sheria inabadilika. Muhtasari wa sheria ya familia wa 2015 utakuambia kwamba kif. 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na utaishia hapo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Anayenakili ananakili na makosa ya wakati.

Halafu kuna Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Kila namba ya kifungu uliyoirithi ipitie upya kwenye toleo unaloruhusiwa kutumia, pamoja na hizi nilizozitaja hapa. Inachukua jioni moja kwa somo. Usiikwepe.

11. Tukiwa watano tukagawana mada, kila mtu akaandika zake tukabadilishana?

Utajua mada moja vizuri na nne kwa kuhadithiwa. Kikundi kinasaidia baadaye, kila mtu akiwa na wake. Kaeni mchana mmoja, chukueni mada moja, kila mmoja asome jinsi alivyoipanga. Mnapotofautiana ndipo penye faida. Nimeshuhudia disikasheni ya saa nzima juu ya kama kosa la kutoelewa linakaa chini ya ridhaa au peke yake, na wote waliotoka pale hawakulikosea tena.

12. Programu za akili mnemba zinaniandikia muhtasari kwa dakika moja. Kuna ubaya gani?

Ubaya wa kwanza ni uleule wa swali la 10. Wa pili ni kwamba programu hizi zinaweza kutunga kesi isiyokuwapo, ikiwa na majina, mwaka na nukuu zinazovutia. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hoja zenye hukumu za kutunga zilizotolewa na programu ya aina hiyo. Sheria ya Tanzania haina maandishi mengi mtandaoni kama ya Marekani, kwa hiyo uwe mwangalifu maradufu.

Ikusaidie hivi: ukishamaliza mada yako, iombe ikutungie visa vitano vya kujipima. Kisa cha kutunga hakina madhara. Kesi usiyoikuta TanzLII au kwenye ripoti za sheria usiiandike popote.

## Kuelekea mtihani

13. Nimemaliza kuandika. Sasa nifanye nini nao?

Wengi hapa wanakosea: wanaanza kuusoma. Muhtasari haukuandikwa usomwe kama hadithi. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, weka saa, jibu swali moja huku muhtasari uko wazi mbele yako. Kila mahali ulipokwama, rekebisha muhtasari. Swali la tatu au la nne lijibu ukiwa umeufunga.

Nikupe kisa kimoja tukipitishe. Asha wa Kariakoo anamwandikia Mwajuma WhatsApp saa 3 asubuhi: "Nakuuzia cherehani 12 kwa milioni tatu, nijibu kabla ya saa 10." Saa 7 mchana Mwajuma anajibu, "Nimekubali." Simu ya Asha imezimwa. Saa 8 Asha anamuuzia mtu mwingine cherehani zote. Saa 9 anawasha simu.

Muhtasari unakuuliza: kuna pendekezo? Lipo, bidhaa inajulikana, bei inajulikana. Kuna ukubali? Upo, na ndani ya muda. Umekamilika lini? Hapa ndipo kwenye alama. Kif. 4 kinasema ukubali unakamilika dhidi ya mtoa pendekezo pale unapotumwa kiasi kwamba aliyekubali hana tena uwezo wa kuurudisha. Ukifuata hivyo, Asha alifungwa saa 7, saa nzima kabla ya kuuza. Lakini wakili wa Asha atasema WhatsApp inamruhusu mtumaji kufuta ujumbe, kwa hiyo saa 7 bado ulikuwa mikononi mwa Mwajuma. Ataongeza Entores ya 1955, kwamba kwa mawasiliano ya papo kwa papo ukubali unakamilika unapopokewa. Wakili wa Mwajuma atajibu kwamba Entores ni ya Kiingereza na kif. 4 kipo, na kwamba Asha ndiye aliyezima simu yake. Atamkumbusha pia kif. 5 na 6: Asha hakuwahi kumjulisha Mwajuma kwamba amelifuta pendekezo. Pembeni inakaa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Mwisho unauliza hasara, kif. 73: cherehani 12 sokoni siku ile zingemgharimu Mwajuma kiasi gani?

Kama muhtasari wako una mstari "kif. 4, mawasiliano" bila neno zaidi, utaandika kwamba mkataba upo na utapata alama tatu. Ukiwa umeandika chini yake "je, simu, barua pepe, WhatsApp?" siku ile uliposoma mada, jibu lote hilo lilikuwa limeshaanza.

Siku tatu za mwisho, punguza muhtasari hadi karatasi moja ya maswali tu, kwa mkono, bila majibu. Ikariri hiyo. Kwenye chumba cha mtihani, dakika tano za kwanza, iandike yote kwenye karatasi ya rafu.

14. Zimebaki siku kumi na sijaandika hata ukurasa. Niache?

Usiache, ila badilisha njia. Anza na mitihani ya miaka minne iliyopita na uone mada gani zinajirudia. Andika mifupa ya somo zima kwa siku moja, maswali tu na vifungu. Siku zinazofuata jaza mada zinazojirudia, kesi tatu kwa mada. Mada iliyobaki wazi iache wazi ukijua kwamba iko wazi. Lala usiku. Mkesha wa siku nne kwa mtihani wa kisa ni hasara, kwa sababu unachohitaji pale ni akili ya kuona jambo, na hiyo ndiyo inayoondoka kwanza.

15. Mtihani unaruhusu kuingia na sheria au vitabu. Bado nahitaji muhtasari?

Unahitaji zaidi. Saa tatu hazitoshi kutafuta kifungu usichojua kinakaa wapi. Kama unaruhusiwa sheria tupu isiyoandikwa kitu, zoea nakala hiyohiyo muhula mzima hadi mkono ujue ukurasa. Hakikisha masharti kwa mhadhiri kwa maandishi, maana alama ndogo ya kalamu pembeni ya kifungu inaweza kukuletea kesi ya udanganyifu.

16. Somo langu halina vifungu, ni falsafa ya sheria. Nalipangaje?

Kwa ugomvi. Austin anasema sheria ni amri ya mwenye mamlaka. Hart anamuuliza tofauti yake na jambazi mwenye bunduki ni ipi. Fuller anamuuliza Hart kama utawala usiofuata hata misingi ya ndani ya sheria unastahili kuitwa wa kisheria. Kila mwanafalsafa mpe mistari mitatu: anadai nini, nani anampinga kwa hoja gani, mfano mmoja wa hapa kwetu. Kesi za katiba zinakupa mifano mingi.

17. Nasoma jioni, nina kazi na watoto. Saa tatu kwa kila somo kila wiki sina.

Chukua saa moja kwa somo, lakini siku ileile ya kipindi au kesho yake asubuhi, kabla haijapoa. Jirekodi ukisoma vichwa vya maswali ukaache nafasi ya kujibu, usikilize kwenye daladala ukijibu kimoyomoyo. Dada mmoja aliyekuwa karani, mama wa watoto wawili, aliandika mihtasari yake yote kwa muda wa chakula cha mchana, na ilikuwa mifupi kuliko ya wenzake kwa sababu hakuwa na nafasi ya kunakili. Ilikuwa bora pia.

## Hali za pekee

18. Nasoma Kenya. Naweza kutumia muhtasari wa mkataba wa Mtanzania?

Hapana, na sababu yake ni historia. Sheria ya Tanzania Bara, ya 1961, imetokana na sheria ya mikataba ya India ya 1872, ndiyo maana tunatembea na vifungu. Kenya iliiacha ile ya India na kuingia sheria ya Kiingereza kuanzia Januari 1961. Sura ya 23, sheria ya mikataba ya Kenya, yenyewe ni fupi sana. Muhtasari wa Kenya unajengwa juu ya kesi, wa Tanzania juu ya vifungu.

Kwenye familia ni kinyume. Lile ambalo Bi Hawa ilibidi liamuliwe na mahakama, Kenya limeandikwa ndani ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inayotambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Soma nayo JOO dhidi ya MBO ya 2023, ambamo Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja.

19. Na Zanzibar?

Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ni za Bara. Zanzibar ina sheria zake, na mashauri ya ndoa ya Waislamu yanakwenda Mahakama ya Kadhi. Mahakama ya Rufani inahudumia pande zote mbili, kwa hiyo baadhi ya kesi zako zitatumika kote. Kwenye kila kichwa andika B au Z ili usichanganye.

20. Nimepata supu, yaani mtihani wa marudio. Nirudie muhtasari uleule?

Kabla ya kuugusa, kama chuo kinaruhusu, omba uone kitabu chako cha majibu, au angalau muulize mhadhiri ulipoteza wapi. Kama ulikosea sheria, tatizo liko kwenye muhtasari, na urudi swali la 7 uanze na mifupa. Kama sheria ilikuwa sahihi lakini hukuigusisha na kisa, muhtasari hauna kosa. Uuache ulivyo na uzipeleke wiki zako zote kwenye swali la 13, kisa kimoja kila siku, kimeandikwa kwa mkono na kwa saa. Mpe mtu akusomee. Mwambie asiangalie lugha. Ahesabu tu ni mara ngapi umemtaja Asha na Mwajuma kwa majina. Wakitajwa mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, jibu lile bado ni notsi.